Programu za Baada ya Masomo: Kinachofaa na Kinachopambwa Tu

Programu nyingi za baada ya masomo hujinadi kwa ahadi ambayo, kati ya zote zinazoweza kutolewa, ndiyo ngumu zaidi kuitimiza: kwamba alama za mtoto zitapanda. Ahadi hiyo huwekwa mbele kwa sababu mzazi huielewa upesi na kwa sababu alama zinahesabika, ilhali mambo ambayo huduma hii huyafanya vizuri kweli, yaani kumpa mtoto mahali salama, mtu mzima wa kumsikiliza na kazi ya kuzama ndani yake mpaka aione imekamilika, hayaonekani kwenye ripoti ya mwisho wa muhula. Nimezitembelea programu za namna mbalimbali, zinazoendeshwa ndani ya shule, za taasisi za dini na za watu binafsi, nikakaa pembeni na kutazama watoto wakiingia na kutoka, na nimesoma tafiti kadhaa za nchi zilizoigharamia huduma hii kwa muda mrefu. Hukumu yangu ni kwamba huduma hii inastahili gharama yake pale inapoongozwa na watu waliofunzwa ambao hawabadilishwi kila mara, na haina tofauti kubwa na kumwacha mtoto acheze uani pale inapokuwa orodha ndefu ya shughuli zinazosimamiwa na yeyote aliyepatikana wiki hiyo.

Hitaji lenyewe halina ubishi. Masomo ya mtoto wa shule ya msingi huisha mapema kuliko kazi za watu wazima, na pengo la saa mbili, tatu au hata nne katikati ndilo linalozibwa na huduma hii. Takwimu za Marekani zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba katika siku za shule, makosa ya kutumia nguvu yanayofanywa na vijana wadogo hufikia kilele katika saa zile zile zinazofuata kengele ya mwisho, kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, jambo ambalo halijitokezi kwa namna hiyo siku ambazo shule zimefungwa. Serikali nyingine zimekwenda mbali zaidi ya kutoa ruzuku. Nchini Sweden, huduma ya saa za baada ya masomo ni sehemu ya mfumo wa elimu kisheria, nayo tangu 2016 ina sehemu yake ndani ya mtaala wa taifa. Ujerumani ilipitisha sheria mwaka 2021 inayowapa watoto wa shule ya msingi haki ya kupata nafasi ya kuhudumiwa siku nzima, ikianza na darasa la kwanza Agosti 2026 na kuwafikia wote wa darasa la kwanza hadi la nne ifikapo mwaka wa masomo wa 2029/30. Korea Kusini nayo ilianza mwaka 2024 kueneza mpango wake wa kuwahudumia watoto wa madarasa ya mwanzo kabla na baada ya vipindi. Nchi haziingii gharama za namna hiyo kwa ajili ya kitu cha anasa. Lakini haki ya kupata nafasi haimhakikishii mtoto nafasi yenye ubora, na hapo ndipo mzazi anapolazimika kutazama kwa jicho lake mwenyewe.

Tafiti zenyewe zinapingana kwa namna ambayo, ukizisoma kwa utulivu, inafundisha zaidi kuliko kama zingekubaliana. Marekani ina mfuko mkubwa wa serikali kuu kwa ajili ya vituo vya namna hii, uliowekwa kisheria mwaka 1994, na tathmini yake iliyotolewa kwa awamu kati ya 2003 na 2005 iliwashtua wengi. Watoto waliobahatika kupata nafasi katika vituo vya shule za msingi vilivyochunguzwa walijisikia salama zaidi kuliko wenzao waliokosa, ila matokeo yao ya mitihani hayakuwa bora, na zaidi ya hapo walipewa adhabu za utovu wa nidhamu mara nyingi zaidi. Miaka miwili baadaye, mwaka 2007, mtafiti Deborah Lowe Vandell na wenzake walitoa utafiti uliofuatilia watoto wapatao 3,000 wa familia za kipato cha chini katika programu 35, na wao wakakuta kwamba waliohudhuria mara kwa mara kwa miaka miwili walisonga mbele katika hisabati na wakawa na mwenendo mzuri zaidi kuliko waliokuwa hawana usimamizi wa maana baada ya masomo. Siri ya tofauti hiyo haijafichika sana: Vandell na wenzake walichagua makusudi programu zilizokwisha kujulikana kwa ubora, wakati tathmini ya serikali ilizichukua zilivyo, nzuri na mbovu, na kuwahesabu hata watoto waliokuwa wakifika leo na kupotea kesho. Anayekunadia programu kwa kutaja utafiti wa kundi la kwanza au la pili pekee anakuonyesha upande mmoja wa shilingi.

Kazi iliyonisaidia zaidi kupima nilichokiona ni ile ya watafiti Joseph Durlak, Roger Weissberg na Molly Pachan ya mwaka 2010, iliyokusanya pamoja tathmini za programu 69 zinazolenga kukuza tabia na stadi za kijamii za watoto. Waligundua kwamba programu zilizofanikiwa zilikuwa na sifa nne kwa pamoja. Stadi zilifundishwa kwa hatua, moja ikijengwa juu ya nyingine. Watoto walizifanya kwa vitendo badala ya kuhubiriwa. Kulikuwa na muda maalumu uliotengwa kwa ajili hiyo. Na walezi walijua waziwazi ni stadi gani wanayoifundisha siku hiyo. Programu zilizokuwa na sifa hizo zilileta mabadiliko katika jinsi mtoto anavyojiona, katika mapenzi yake kwa shule, katika mwenendo na hata katika alama, ilhali zilizokosa sifa hizo hazikuwa na la kuonyesha katika mambo mengi. Sifa hizi nne ni rahisi kuzitaja na ni ngumu kuziona kwa macho, kwa hiyo nilianza kuwauliza walezi swali moja tu: leo watoto hawa wanajifunza kufanya nini ambacho wiki iliyopita walikuwa hawakiwezi? Wengi walinijibu kwa kutaja shughuli, kwa mfano kuchora, au mpira, au kompyuta. Wachache walijibu kwa kutaja stadi: kugawana zamu bila ugomvi, kusoma maelekezo hadi mwisho kabla ya kuanza, kumwomba mwenzako msaada bila kumnyang'anya kazi yake. Katika programu za hao wachache ndimo nilimotamani kurudi.

Saa ya kazi za nyumbani ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu kuliko zote, maana ndiyo inayouzwa sana na ndiyo inayoharibiwa sana. Katika programu moja nilikaa nyuma ya meza ya watoto sita wa darasa la tano. Msichana mmoja alikuwa amejumlisha robo tatu na sehemu moja ya sita, akapata nne juu ya kumi. Mlezi hakuchukua kalamu. Alisema, "Hebu nionyeshe ulianzia wapi." Mtoto akajibu kwa uhakika kamili, "Nimejumlisha za juu, nikajumlisha na za chini." Mlezi akachana karatasi vipande viwili virefu vyenye urefu sawa, kimoja akakikunja mara mbili hadi kikatoka na sehemu nne sawa, akapaka rangi tatu kati yake. Cha pili akampa mtoto apake nne juu ya kumi kwa kukadiria. Kisha akauliza: "Ulikuwa na robo tatu, ukaongezewa. Sasa mbona umebaki na kidogo?" Msichana aliangalia vile vipande kwa muda, akacheka, akafuta kazi yote na kuanza upya, na ilimchukua karibu muda wote uliobaki kufika kwenye kumi na moja juu ya kumi na mbili. Alimaliza swali lile moja na jingine, basi. Mzazi wake alipofika huenda aliona daftari lililojaa nusu na kujiuliza analipia nini.

Katika programu nyingine, yenye jengo zuri zaidi na ada iliyo juu zaidi, madaftari yote yalikuwa yamekamilika ndani ya nusu saa. Yalikamilika kwa sababu mtoto mmoja mwepesi alifanya, wengine wakanakili, na mlezi akapita akiweka alama ya vema. Ubaya wa mtindo huo unapita kupoteza muda. Kazi ya nyumbani humsaidia mwalimu kujua asubuhi nani ameelewa na nani bado, na programu inayorudisha madaftari safi yenye majibu sahihi humnyima mwalimu habari hiyo, kwa hiyo naye huendelea na mada inayofuata huku nusu ya darasa ikiwa imebaki nyuma. Mtoto wa namna hiyo ana hali mbaya kuliko yule aliyekwenda nyumbani na kurudi shuleni kesho yake na ukurasa mtupu, kwani ukurasa mtupu walau husema ukweli.

Tena, si kila mtoto anahitaji saa nzima ya kazi za nyumbani. Uchambuzi wa Harris Cooper na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, uliotolewa mwaka 2006 baada ya kupitia tafiti za miaka kadhaa, ulionyesha kwamba uhusiano kati ya kazi za nyumbani na ufaulu ni wa nguvu zaidi kwa wanafunzi wa sekondari kuliko kwa wadogo wa madarasa ya msingi. Programu inayowakalisha watoto wa miaka saba vitini kwa saa moja na nusu ili mzazi apokee daftari lililojaa inafanya biashara na mzazi, haimhudumii mtoto. Dakika ishirini za kusoma kitabu anachokipenda, akiwa amekaa au amejilaza apendavyo, zingemfaa zaidi, na nasikitika kwamba kona ya vitabu katika programu nyingi ni ama rafu iliyofungwa kwa kufuli au sanduku la vitabu vilivyochanika majalada.

Ubora wa mambo yote hayo hutegemea walezi, na hapa sina budi kuwa mkali. Matangazo hutaja uwiano wa mlezi mmoja kwa watoto kadhaa, na uwiano ni muhimu. Japani, kwa mfano, viwango vilivyoanza kutumika mwaka 2015 vilikadiria kundi la watoto wapatao 40 lenye walezi wasiopungua wawili, mmoja wao akiwa na sifa rasmi za kazi hiyo, na hata kiwango hicho wapo wanaokiona kuwa kizito kwa mlezi. Ila uwiano unaoandikwa kwenye karatasi na uwiano uliopo chumbani saa kumi na moja jioni ni vitu viwili. Mlezi mmoja yuko mlangoni akikabidhi watoto, mwingine yuko kwenye simu na mzazi aliyechelewa, na waliobaki wote wanaangaliwa na kijana wa kujitolea ambaye hajawahi kufunzwa afanye nini mtoto akianguka na kugonga kichwa. Hesabu vichwa wakati huo, usihesabu asubuhi ofisini.

Jambo zito kuliko uwiano ni kubaki kwa walezi. Kazi hii hulipwa kwa saa chache za siku, mshahara wake haumwezeshi mtu kuitegemea peke yake, na kwa hiyo wenye uwezo huiacha mara wanapopata kitu kingine. Mtoto aliyechukua miezi mitatu kumzoea mlezi, akaanza kumwambia mambo ambayo hayasemi nyumbani, anakuja Jumatatu na kukuta sura ngeni. Baada ya mara ya pili au ya tatu mtoto huyo hujifunza kutomwambia mtu chochote, na hapo programu imepoteza kile ambacho hakuna kifaa kinachoweza kukifidia. Nilipouliza mlezi wa muda mrefu kuliko wote amekaa hapo kwa muda gani, majibu yalitofautiana mno, na kila jibu lilipokuwa la miaka niliona watoto wakiingia na kwenda moja kwa moja kwa mtu fulani kumsimulia kitu, hata kabla ya kuweka mkoba chini. Nimeliona hilo kuwa kipimo cha haraka chenye kuaminika. Wenye programu wanaolipa walezi wao kwa saa za maandalizi na mafunzo, mbali na saa za kukaa na watoto, ndio wanaobaki nao, na tofauti huonekana.

Kuhusu vifaa nitapita haraka. Kompyuta mpya, vinanda, seti za roboti na mavazi ya karate ni vizuri kuwa navyo, na mtoto mwenye kipaji anaweza kukigundua hapo kwa mara ya kwanza, lakini sijaona uhusiano wowote kati ya wingi wa vifaa na uchangamfu wa watoto. Mahali pengine seti za roboti zilikuwa bado kwenye maboksi yake kwa kuwa mwalimu aliyejua kuziunganisha alikwisha kuacha kazi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mara nyingi vilivyopigwa picha kwa ajili ya kipeperushi ndivyo visivyoguswa.

Ambacho sikukitegemea, na ambacho sasa naona kingewekwa mbele kabisa, ni zile dakika za kwanza baada ya watoto kuingia. Wamekaa kimya kwa saa nyingi, wamefuata amri za watu wazima tangu asubuhi, wana njaa, na baadhi yao wametoka kwenye ugomvi ulioanzia darasani. Programu inayowapanga mistari na kuwaamuru wafungue madaftari papo hapo huzalisha fujo ambayo baadaye inaitwa utundu wa watoto. Programu zilizoelewa kazi yao huwapa kwanza kitu cha kula na maji, kisha nusu saa ya kukimbia na kucheza wanavyotaka chini ya jicho la mlezi, na ndipo shughuli za kukaa zinapofuata. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kwa siku za mazoezi ya mwili ya kutosha kuwatoa jasho au kuwapandisha pumzi, na kwa mtoto ambaye shuleni amepata kipindi kimoja cha michezo kwa wiki, saa hizi za alasiri ndizo pekee anazoweza kutimiza kiasi hicho. Mchezo huru, ule usio na kocha wala filimbi, usidharauliwe na mzazi anayehesabu thamani ya fedha yake. Katika mchezo huo watoto hutunga sheria, huzivunja, hugombana kuhusu nani ameondolewa na hupatana wenyewe, na mlezi hodari hujua asimame umbali gani ili asikie bila kuingilia.

Matokeo yale ya tathmini ya Marekani kuhusu utovu wa nidhamu huenda yanapata maelezo yake hapa. Ukiwaweka pamoja watoto wa rika mbalimbali, waliochoka, katika chumba kimoja chenye kelele na bila mpangilio, wadogo hujifunza kwa wakubwa haraka kuliko wanavyojifunza kwa mlezi, na si yote wanayojifunza ni mema. Uonevu hutokea zaidi kwenye korido, vyooni na kwenye kona ya uwanja isiyoonekana kutoka mlangoni. Mtu anayekutembeza kuonyesha programu hatakupeleka huko. Omba mwenyewe kwenda msalani, na njiani tazama kama kuna mtu mzima anayeweza kuona kinachoendelea.

Usalama wa kukabidhi watoto umenifurahisha mahali pengi na kunitia hofu mahali pachache. Utaratibu mzuri hauna ugumu: jina la kila mtoto huandikwa saa anayoingia, asipofika ndani ya dakika chache baada ya kengele mzazi na shule hupigiwa simu, na jioni hatoki mpaka mtu ambaye jina lake limo kwenye orodha iliyosainiwa na mzazi atie saini na kuandika saa. Niliwahi kusimama mlangoni jioni wakati mwanamume mwenye heshima zake alipomwambia mlezi, "Mimi ni baba yake mdogo, mama yake amenituma." Mlezi, binti wa umri mdogo, alimjibu kwa adabu, "Shikamoo baba. Samahani, jina lako halimo humu, naomba nimpigie mama yake kwanza." Mwanamume alinung'unika kidogo, simu ikapigwa, mama akathibitisha, mtoto akaondoka. Hilo ndilo hasa linalotakiwa, na ugumu wake uko katika kumkatalia mtu mzima anayekuzidi umri kwa heshima bila kulegeza utaratibu. Mahali pengine, ambapo sitapataja, nilimwona mtoto akiondoka na dereva kwa kupungiwa mkono tu, na daftari la mahudhurio halikufunguliwa jioni yote.

Wazazi pia wana sehemu yao ya lawama. Manufaa yote yaliyotajwa na tafiti yamefungamana na kuhudhuria kwa mfululizo, na mtoto anayeletwa siku mbili wiki hii na kukosekana wiki ijayo, kwa kuwa bibi yupo nyumbani au kwa kuwa ada imechelewa, hawezi kufaidi stadi zinazofundishwa kwa hatua. Kwa upande wa pili, yapo majumba ambamo mtoto hutolewa shuleni na kupelekwa kwenye programu, kutoka kwenye programu huenda kwa mwalimu wa tuisheni, na kurudi nyumbani usiku akiwa hana la kufanya ila kulala. Mtoto wa darasa la kwanza ambaye amekuwa nje ya nyumba kwa saa kumi, mara tano kwa wiki, hana haja ya lugha ya tatu. Anahitaji kukaa chini. Ningechagua siku tatu za programu nzuri, zisizobadilikabadilika, kuliko siku tano za kumchosha, pale ambapo ratiba ya nyumbani inaruhusu. Pale isiporuhusu, na kwa familia nyingi hairuhusu, basi programu yenyewe iwe na chumba tulivu chenye mkeka au godoro ambamo mtoto anaweza kutofanya chochote bila kuulizwa sababu. Ni wachache mno wenye chumba hicho.

Udhaifu mkubwa wa huduma hii kwa jumla, na ambao sikuona mahali palipoutatua kikamilifu, ni watoto wakubwa. Kuanzia miaka kumi na moja au kumi na miwili mtoto huanza kuona aibu kupangwa mstari mmoja na wa darasa la pili, huacha kuja kwa visingizio, na ndipo saa zile za alasiri zinapoanza kuwa za hatari kwake kuliko zilivyokuwa alipokuwa na miaka saba. Programu nyingi humjibu kwa kumwekea sheria zile zile za wadogo pamoja na kompyuta zaidi. Zile zilizofanikiwa kumshika kidogo zilifanya kinyume: zilimpa kazi yenye uzito. Vijana walipewa kuendesha kikao cha kusoma kwa wadogo, kutunza kumbukumbu za vifaa, kuandaa tamasha la mwisho wa muhula kwa bajeti halisi, ndogo lakini ya kweli, wakakosea hesabu na kuisahihisha wenyewe. Kijana mmoja wa miaka kumi na mitatu, aliyepewa funguo za stoo ya mipira, aliniambia hajakosa hata siku moja "kwa sababu nisipokuja hawachezi."

Mahusiano na shule nayo yanastahili sentensi mbili tatu, kwa kuwa ndipo programu nyingi zinapojidanganya. Hata zile zilizo ndani ya uwanja wa shule mara nyingi hazijui mtoto anajifunza mada gani wiki hii, na mwalimu wa darasa hajui jina la mlezi wa alasiri. Mahali palipokuwa na daftari dogo la mawasiliano linalosafiri na mtoto kati ya mwalimu, mlezi na mzazi, lenye mstari mmoja tu kwa siku, niliona matatizo madogo yakishughulikiwa kabla hayajawa makubwa: miwani iliyopotea, ugomvi wa dawati, somo la kugawanya lisiloeleweka.

Kwa mzazi anayetafuta mtu wa kumwongezea mtoto alama kabla ya mtihani, huduma hii sio chaguo la kwanza. Mwalimu mmoja mzuri wa masomo ya ziada, kwa kundi dogo, atamfikisha huko upesi zaidi. Kwa mzazi ambaye mtoto wake ni mpweke, mwoga wa kuzungumza, au anarudi kwenye nyumba isiyo na mtu hadi jioni, naipendekeza bila kusita, na ningemshauri achague ile yenye walezi waliokaa muda mrefu hata kama jengo lake ni la kawaida na kipeperushi chake hakina picha. Kabla ya kulipa muhula mzima, omba wiki ya majaribio, na zipo programu zinazoitoa bure au kwa malipo ya siku. Fika mara moja bila taarifa, mapema kuliko saa uliyosema utamchukua mtoto, usiingie mara moja, na tazama dirishani yuko na nani na anafanya nini. Soma pia masharti ya kujitoa: nyingine zinadai notisi ya mwezi mzima na hazirudishi ada ya siku ambazo mtoto aliugua, na hilo ni heri ulijue kabla ya kutia saini.